Sukari ya Morisi na Watu wa Kilwa

Muwa ukishakatwa haungoji. Mtama hukaa ghalani msimu mzima na mahindi huning'inizwa juu ya moshi wa jikoni hadi yatakapohitajiwa, lakini ndani ya shina la muwa mna kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia, ambacho mara baada ya kukatwa huanza kuigawa sukrosi, ile sukari inayoweza kuganda chembechembe, kuwa glukosi na fruktosi, sukari mbili nyepesi zisizoganda kwa urahisi. Zikipita siku moja au mbili juani, maji ya miwa huanza kuchacha, na hasara huonekana kwenye sufuria. Kwa hiyo kinu hakina budi kuwa karibu na shamba, ukataji hauna budi kwenda sambamba na ukamuaji, na moto wa tanuri hauzimwi usiku kwa muda wote wa mavuno. Kabla ya zama za viwanda vya makaa ya mawe, mazao machache sana yaliunganisha shamba na kiwanda kwa nguvu namna hiyo. Mwenye miwa alihitaji watu wengi, kwa wakati mmoja, usiku na mchana, katika kazi ambayo mtu mwenye uhuru wa kuondoka angeondoka. Historia ya sukari kwa sehemu kubwa ni historia ya jinsi watu hao walivyopatikana, na pwani ya Afrika Mashariki ni mojawapo ya mahali walikotolewa.

Miwa ilianza kupandwa Guinea Mpya, maelfu ya miaka kabla ya kuwapo kwa maandishi, ikasambaa visiwani hadi Asia. Watu wa mwanzo waliitafuna tu. Waliogundua namna ya kuyachemsha maji yake hadi yakaganda ni watu wa Bara Hindi, na neno lao la Kisanskriti kwa kitu hicho, *sharkara*, hapo awali lilimaanisha changarawe, kwa kuwa punje za sukari zilifanana na kokoto ndogo. Neno hilo liliingia katika Kiajemi, likapita katika Kiarabu na kuwa *sukkar*, kisha likafika Kiswahili likiwa limekwisha kulainika. Hata guru, sukari ya mabonge isiyotenganishwa na molasi, yaani ile shira nyeusi inayobaki, inabeba jina lake la Kihindi mpaka leo. Maarifa hayo yalithaminiwa mno kiasi kwamba mwaka 647 mfalme wa China aliwatuma wajumbe Magadha, kaskazini mwa India, wakajifunze kutengeneza sukari. Baada ya kuenea kwa Uislamu, miwa ilipandwa Misri, Sisilia na Hispania, na katika karne hizo zote sukari ilikuwa kitu cha dawa na cha meza za wafalme, kikipimwa kwa uangalifu kama viungo.

Mambo yalibadilika pale Wareno walipoipanda miwa Madeira na baadaye São Tomé, ambako shamba kubwa, kinu na watumwa wa Kiafrika viliunganishwa kuwa mfumo mmoja. Columbus aliipeleka miwa visiwa vya Karibi mwaka 1493, Brazili ikafuata, na katika karne zilizofuata Waafrika wapatao milioni 12.5 walipakiwa kwenye meli kuvushwa Bahari ya Atlantiki, sehemu kubwa zaidi yao wakiishia katika nchi za miwa. Upande wa pili wa biashara hiyo ulikuwa kikombe cha chai cha Mwingereza: wastani wa sukari aliyoila kila mtu nchini Uingereza ulikuwa karibu kilo 2 kwa mwaka mnamo 1700, kilo 8 mnamo 1800, na kilo 40 hivi karne ya 20 ilipoanza. Madhara yalianza kuonekana midomoni mwa matajiri kwanza. Msafiri Mjerumani aliyemwona Malkia Elizabeth wa Kwanza mwaka 1598 aliandika kuwa meno yake yalikuwa meusi, akalihusisha jambo hilo na mapenzi ya Waingereza kwa sukari.

Historia hiyo ya Atlantiki imeandikwa sana, na ni haki iandikwe. Ile ya Bahari ya Hindi imeandikwa kidogo mno, na kwa Kiswahili ni kidogo zaidi, ilhali ndiyo iliyopita mlangoni pa Waswahili. Kitovu chake ni kisiwa cha Mauritius, yaani Morisi, kilichoko mashariki ya Bukini (Madagaska), ambacho hakikuwa na wenyeji Waholanzi walipofika. Waholanzi walileta miwa kutoka Java mwaka 1639, lakini wakakihama kisiwa mwaka 1710, na Wafaransa wakakichukua miaka michache baadaye. Gavana Mahé de La Bourdonnais, aliyeanza kazi mwaka 1735, alikigeuza kuwa bandari ya meli za kivita na za biashara, na katika miaka ya 1740 alianzisha kiwanda cha sukari mahali paitwapo Villebague. Kisiwa kisicho na wenyeji hakina vibarua. Kila mkono uliojenga gati, uliobeba mawe na uliopanda miwa ulitoka ng'ambo, na mingi ilitoka Bukini, Msumbiji na pwani ya Waswahili.

Mnamo Septemba 1776, mfanyabiashara Mfaransa aliyeitwa Jean-Vincent Morice alifunga mkataba na Sultani Hassan wa Kilwa. Kilwa wakati huo haikuwa tena mji ule uliotajirika kwa dhahabu ya Sofala kabla Wareno hawajauteka mwaka 1505. Ulikuwa mji mdogo wenye kumbukumbu kubwa, uliokuwa ukitafuta mshirika mwenye mizinga dhidi ya nguvu ya Oman iliyokuwa ikikua. Kwa mujibu wa mkataba huo, Sultani angempa Morice watumwa 1,000 kila mwaka, kila mmoja kwa piasta 20, na juu ya hapo Sultani mwenyewe angepewa zawadi ya piasta 2 kwa kila kichwa. Piasta ilikuwa sarafu ya fedha iliyokubalika katika bandari zote za Bahari ya Hindi. Morice hakuishi muda mrefu wa kutosha kuona mpango wake ukitimia kama ulivyoandikwa, na Oman iliitia Kilwa mkononi katika muongo uliofuata, lakini biashara iliyofunguliwa haikufungika. Wamakua, Wayao na watu wa nchi za jirani na Ziwa Nyasa waliteremshwa pwani kwa misafara, wakapakiwa Kilwa na bandari za Msumbiji. Huzuni ya mkataba huo haipungui kwa sababu mtiaji sahihi mmoja alikuwa mtu wa pwani. Mshirika wa biashara hiyo hakuwa Mzungu peke yake, na historia inayolificha hilo huwadhulumu kwa mara ya pili wale waliouzwa.

Mwaka huohuo wa 1776, katika mji wa Liverpool, ambao ulikuwa bandari kuu ya meli za watumwa za Uingereza, daktari Matthew Dobson alichapisha taarifa ya majaribio aliyoyafanya juu ya mkojo wa mgonjwa mwenye kiu isiyokatika na mwili uliokuwa ukikonda. Waganga wa kale wa India walikuwa wamekwisha kutambua kwamba mkojo wa wagonjwa wa namna hiyo huvutia sisimizi, wakauita ugonjwa huo kwa jina lenye maana ya mkojo wa asali; lakini utamu ule ulikuwa kitu gani hasa, hakuna aliyethibitisha. Dobson aliuchemsha mkojo huo kwa moto wa taratibu hadi maji yote yakaruka, na chini ya chombo kikabaki kitu cheupe kilichomeng'enyeka vidoleni, kilichonukia kama sukari. Alikionja. Kwa ladha hakuweza kukitofautisha na sukari ya kawaida, isipokuwa kwa ubaridi kidogo ulioachwa kwenye ncha ya ulimi. Aliona pia kuwa majimaji ya damu ya mgonjwa yana utamu, na kwa hiyo akatambua kwamba sukari ile haitengenezwi na figo, bali inatoka katika damu yenyewe. Kutoka hapo ndipo elimu ya kisasa ya ugonjwa ambao Kiswahili huuita kisukari inapoanzia. Kwamba meli za sukari na za watu zilikuwa zikitia nanga katika mji huohuo ni jambo lisilohitaji kuongezwa chumvi.

Ili kuelewa kilichowangoja watu wa Kilwa, inafaa kuingia ndani ya nyumba ya kuchemshia. Miwa ilisukumwa kwa mkono kati ya magogo ya chuma yaliyosimama wima, yaliyozungushwa na ng'ombe, maji au upepo. Aliyeisukuma alikuwa amekesha, na kidole kikishikwa, mkono mzima ulifuata. Katika mashamba ya Karibi iliandikwa mara nyingi kuwa panga au shoka liliwekwa kando ya kinu, tayari kukata mkono ili kuuokoa mwili. Maji yaliyokamuliwa yalitiwa chokaa kidogo ili uchafu upande juu kama povu, kisha yakapitishwa katika safu ya masufuria makubwa, kila moja dogo na la moto zaidi kuliko lililotangulia, huku wafanyakazi wakiengua povu kwa upawa mrefu. Katika sufuria la mwisho shira ilikuwa nzito kama gundi, na tone lake likiangukia ngozini halikufutika. Fundi aliivuta shira kati ya kidole gumba na cha shahada, akaangalia uzi wake unakatikia wapi, na kwa alama hiyo akaamua dakika ya kuiepua. Baada ya kupoa ilimiminwa katika vyungu vyenye tundu chini, molasi ikadondoka kwa wiki kadhaa, na sukari ikabaki. Ujuzi huo mkubwa ulikuwa mikononi mwa watu walioandikwa katika vitabu vya shamba pamoja na ng'ombe.

Katika karne ya 18 miwa haikuwa bado imekimeza kisiwa cha Morisi. Ililimwa pamoja na mazao mengine, na sehemu ya maji yake iligeuzwa kuwa pombe ya mabaharia. Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya Waingereza kukiteka kisiwa mwaka 1810, na hasa mwaka 1825, pale London ilipoitoza sukari ya Morisi ushuru sawa na ule wa sukari ya Karibi. Misitu ilifyekwa, na katika miaka ya 1850 kisiwa kilikuwa kikitoa zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Kwa sheria ya Uingereza kununua watumwa kutoka ng'ambo kulikuwa kumekwisha kupigwa marufuku, na mwaka 1822 Sayyid Said, mtawala wa Oman, alitia sahihi mkataba wa kuzuia watumwa wasiuzwe kwa Wakristo. Pamoja na hayo meli ziliendelea kuwateremsha watu usiku katika fukwe za Morisi kwa miaka kadhaa. Utumwa ulipofutwa kisiwani tarehe 1 Februari 1835, wamiliki walilipwa zaidi ya pauni milioni 2 kama fidia ya mali yao. Watu zaidi ya 60,000 waliohesabiwa kuwa mali hiyo hawakulipwa kitu, bali walitakiwa kuendelea kuwatumikia mabwana walewale kwa jina la wanagenzi hadi mwaka 1839.

Walipoachiliwa waliyakimbia mashamba ya miwa, na pengo lao lilikuwa limeanza kuzibwa kabla halijatokea. Tarehe 2 Novemba 1834 meli iliyoitwa Atlas ilifika Port Louis, bandari kuu ya Morisi, ikiwa na Wahindi 36 waliofunga mkataba wa kufanya kazi kwa miaka maalumu, na katika miongo iliyofuata karibu watu nusu milioni walipitia bandari hiyo kwa utaratibu huo. Katika kisiwa jirani cha Réunion, Wafaransa walipofuta utumwa mwaka 1848 walirudi pwani ya Afrika kutafuta waliowaita wafanyakazi huru, ambao kwa kweli walikuwa watumwa walionunuliwa, wakaambiwa kuwa wamekombolewa, kisha wakapakiwa melini bila hiari yao. Udanganyifu huo ulipigwa marufuku mwaka 1859.

Pwani yenyewe haikubaki kuwa ghala la watu tu. Katika karne ya 19 bonde la chini la mto Pangani lilijaa mashamba ya miwa yaliyomilikiwa na Waarabu wa Oman na Waswahili, yakilimwa na watumwa, na guru na shira yake viliuzwa Unguja hadi Arabuni. Sheria ya muwa usiongoja ilifanya kazi Pangani kama Karibi: mtumwa wa shamba la minazi alikuwa na siku zake mwenyewe za kulima muhogo, lakini wa shamba la miwa alinyang'anywa hata hizo wakati wa mavuno. Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyeongoza vita vya mwaka 1888 dhidi ya kampuni ya Wajerumani, alikuwa mwenye shamba la miwa karibu na Pangani, na katika mji huohuo ndiko alikonyongwa Desemba 1889. Kumbukumbu humtaja kama shujaa wa kupinga ukoloni, na alikuwa hivyo. Waliomkatia miwa hawakumbukwi kwa majina.

Kwa upande mwingine sayansi ilikuwa ikiishusha bei ya sukari. Mwaka 1747 mkemia Andreas Marggraf wa Berlin alionyesha kuwa sukari iliyomo katika kiazi cha bitiruti ni ileile ya muwa, na vita vya Napoleon vilipoifungia Ulaya njia za bahari, Ufaransa ililazimika kulima bitiruti kwa wingi. Norbert Rillieux, mtu wa New Orleans ambaye mama yake alikuwa na asili ya Kiafrika, alibuni katika miaka ya 1840 mtambo uliotumia mvuke wa chombo kimoja kuchemshia chombo kinachofuata, ukiondoa safu ile ya hatari ya masufuria na kuokoa kuni nyingi. Sukari ikawa chakula cha maskini. Katika Afrika Mashariki ilienea pamoja na majani ya chai wakati wa ukoloni, na viwanda vikainuka Lugazi mwaka 1924 na Kakira mwaka 1930 nchini Uganda, kisha Arusha Chini na Kilombero nchini Tanzania, na Muhoroni na Mumias nchini Kenya.

Hapo ndipo gharama ya sukari ilipoanza kumrudia mlaji. Damu yote ya mtu mzima mwenye afya ina glukosi ya gramu 5 hivi, sawa na kijiko kimoja cha chai, na kiasi hicho hulindwa kwa makini na insulini, homoni inayotolewa na kongosho. Chupa ya soda ya mililita 350 huwa na sukari ya gramu 35 hivi. Nusu yake ni fruktosi, ambayo hushughulikiwa zaidi na ini, na inapozidi ini huigeuza kuwa mafuta. Haifai kusema kwamba kila mwenye kisukari amejitakia kwa kula utamu. Kisukari cha aina ya kwanza hutokea pale kinga ya mwili inaposhambulia kongosho, na wagonjwa wake hawakuwa na tumaini hadi insulini ilipodungwa kwa mara ya kwanza kwa mvulana mmoja wa Toronto Januari 1922. Aina ya pili, iliyo ya watu wengi zaidi, hutokana na urithi, unene, kukosa mazoezi na ulaji kwa pamoja, na vinywaji vyenye sukari vimethibitika kuongeza hatari yake.

Hata elimu ya madhara hayo ilipatikana kwa njia ambazo hazipaswi kusahauliwa. Uhusiano wa sukari na kuoza meno ulithibitishwa nchini Sweden katika hospitali ya Vipeholm, ambako kuanzia miaka ya 1940 wagonjwa wenye ulemavu wa akili, wasioweza kukataa, walilishwa peremende za kunata kwa makusudi hadi meno yao yakaharibika. Katika miaka ya 1960 chama cha wenye viwanda vya sukari cha Marekani kiliwalipa kwa siri wanasayansi wa Harvard waandike mapitio yaliyoielekeza lawama ya ugonjwa wa moyo kwenye mafuta na kuipunguzia sukari. Siri hiyo ilifichuliwa mwaka 2016. Mwaka mmoja kabla ya hapo Shirika la Afya Duniani lilikuwa limependekeza kuwa sukari iliyoongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu inayotokana na chakula cha siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, yaani vijiko 6 hivi vya chai.

Mwaka 1987 watafiti waliwapima watu wazima wa Morisi, wakagundua kuwa kisukari kilikuwa kimeenea mno katika kila jamii ya kisiwa, kwa Wahindi, kwa Wachina na kwa Wakrioli, ambao wengi wao ni wazao wa watu waliotolewa Bukini, Msumbiji na Kilwa. Ugunduzi huo uliwastaajabisha wataalamu, kwa maana ilikuwa imezoeleka kudhani kwamba ugonjwa huo ni wa damu ya ukoo fulani, na sasa koo tatu za mabara mawili zilikuwa zimeshikwa nao kwa viwango vilivyokaribiana, kwa sababu zilikuwa zikiishi maisha mamoja katika kisiwa kimoja. Miaka ishirini na ushei baadaye mtu mzima mmoja kati ya watano alikuwa na kisukari, na mwaka 2013 serikali ya nchi iliyojengwa kwa sukari ilianza kutoza kodi kwa kila gramu ya sukari iliyomo ndani ya soda.

Daftari za watumwa ambazo Waingereza waliziandikisha Morisi kabla ya mwaka 1835 zipo bado. Watu wa pwani na bara ya Afrika Mashariki wameorodheshwa humo kwa majina ya Kifaransa waliyopewa na mabwana zao, na mbele ya nchi walikozaliwa limeandikwa neno moja tu, Msumbiji, hata kwa waliopakiwa Kilwa. Wanahistoria wa Kiswahili wanaombwa wazisome. Hospitali ya kijeshi iliyojengwa Port Louis katika zama za La Bourdonnais, kwa mikono ya watumwa, ilifunguliwa mwaka 2023 ikiwa makumbusho ya utumwa.